Yule wa Puge

Mtoto aliyekulia Tabora hahitaji kitabu ili amjue Isike. Anajua kwamba mtemi huyo wa Unyanyembe aliikataa bendera ya Wajerumani ambayo Emin Pasha aliipandisha hapa mwaka 1890. Anajua kwamba mwaka 1892 walimshambulia katika boma lake la Kwikuru wakashindwa, wakarudi tena wakashindwa, na kwamba Januari 1893 Luteni Tom von Prince alipofanikiwa kuvunja ukuta, Isike aliingia kwenye ghala la baruti akajilipua badala ya kukamatwa. Hakufa papo hapo. Walimtoa akiwa mahututi, wakamnyonga. Habari hiyo nimeifundisha katika shule za sekondari za mji huu mpaka nilipostaafu, na kila mwaka, tulipofika kwenye baruti, darasa zima lilikaa kimya.

Lakini hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza ukuta wa Isike ulipandwa na nani. Wazungu aliokuwa nao Prince walikuwa wachache sana. Walioruka ukuta chini ya risasi walikuwa askari weusi, na pamoja nao watu wa hapahapa waliokuwa na ugomvi wao na mtemi. Na ngome ilipokwisha kuanguka, waliosimama lindo kwenye boma jipya la Wajerumani, lile ambalo bado limesimama juu ya mwinuko wake na sasa ni la jeshi letu, walikuwa akina nani? Waliozunguka vijijini kukusanya kodi walikuwa akina nani? Waliomlaza mtu kifudifudi na kumchapa?

Mmoja wao alikuwa baba wa bibi yangu mzaa mama.

Bibi alizaliwa mwaka ambao reli ilifika Tabora kutoka Dar es Salaam, yaani 1912, na umri wake aliuhesabu kwa gari la moshi. Baba yake alikuwa askari polisi wa boma mwenye cheo cha ombasha, juu kidogo ya askari wa kawaida na chini ya shaush. Vyeo hivyo vilikuja na Wasudani mia sita hivi ambao Hermann von Wissmann aliwaajiri Kairo mwaka 1889 ili kuvunja upinzani wa Abushiri pwani. Kufikia wakati wa babu yetu, Wasudani wengi walikuwa wazee au wamekwisha kufa, na waliochukua nafasi zao, jeshini na polisi, walikuwa hasa Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na askari zaidi ya 2,400 katika jeshi la koloni na zaidi ya 2,000 katika polisi. Wazungu wa jeshi hilo hawakufika 300, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni saba. Mwenye kutaka kujua nchi hii ilitawaliwa vipi na azitazame hesabu hizo polepole. Tulitawaliwa kwa mikono ya watu wetu.

Kwa nini Wanyamwezi? Mimi naona jibu liko kwenye njia ya misafara. Miaka mingi kabla ya Mjerumani, vijana wa huku walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, miezi mitatu hivi kutoka Tabora hadi Bagamoyo, wakirudi na nguo, shanga na baruti. Kijana ambaye hajaiona bahari alipata tabu kuhesabiwa mwanamume kamili. Msafara ulikuwa nchi inayotembea: una kirongozi wake mbele, una nyampara, ngoma, posho, amri za kupiga kambi na za kung'oa kambi, na nyuma una wake na watoto na vijana wa kubeba vyungu. Utawala mpya ulipoingia, pembe zilipungua, na reli ikamaliza kazi iliyobaki. Kijana aliyetaka mshahara, safari, nguo za kuheshimika na watu wa kumfuata alikuwa na mlango mmoja uliobaki wazi, nao ulikuwa mlango wa boma. Mwanahistoria Michelle Moyd, katika kitabu chake cha mwaka 2014 juu ya askari hawa, ameeleza kwamba walichokitafuta ni ukubwa: nyumba, wake, mifugo, vijana wa kuwatumikia, heshima ya mtu mzito. Askari alilipwa rupia 20 kwa mwezi, fedha ambayo kibarua wa shamba la mkonge aliisikia tu.

Hivyo ndivyo bibi alivyosimuliwa na mama yake. Walikaa kwenye kijiji cha askari karibu na boma, na mchele ulikuwa haukosekani. Palikuwa na kijana wa kumbebea ombasha bunduki na blanketi akiwa safarini. Mama alikuwa na bangili za fedha. Watu walimwamkia ombasha kwa kuvua kofia, na wengine walipita njia nyingine wasikutane naye. Haya yote bibi aliyasema kwa sauti ileile, akichambua mboga, kama mtu anayeeleza msimu wa mvua.

Kazi yenyewe ilikuwa kazi ya kila siku. Sheria ya kodi ya nyumba ilitoka mwaka 1897, rupia tatu kwa nyumba katika maeneo mengi, na aliyeipeleka sheria hiyo mpaka mlangoni alikuwa askari. Asiyekuwa na fedha alitoa kazi. Asiyetoa kazi alichukuliwa mbuzi, na katika miaka ya mwanzo kuna vijiji vilivyochomwa moto na wanawake waliozuiliwa mpaka waume zao watokeze. Askari alileta watu wa kujenga barabara, akalinda wafungwa waliofungwa mnyororo mmoja shingoni wakienda kuchota maji, akapeleka barua, akakamata walevi sokoni. Siku nyingi alisimama tu kivulini.

Kiboko nataka tukitazame kwa karibu, kwa sababu tumezoea kukitaja kwa mbali. Amri ya Chansela wa Ujerumani ya tarehe 22 Aprili 1896 iliweka utaratibu. Viboko visizidi ishirini na tano kwa mara moja. Mtu asichapwe zaidi ya mara mbili kwa kosa moja, na awamu ya pili ingoje wiki mbili. Wanawake wasichapwe. Wahindi na Waarabu wasichapwe. Watoto wa chini ya miaka kumi na sita wachapwe kwa fimbo nyembamba. Mzungu awepo, na daktari akipatikana naye awepo. Kisha iandikwe daftarini. Watu wa huku waliiita adhabu hiyo hamsa ishirini, na mpaka leo wapo wazee wanaolitaja jina hilo kumtishia mjukuu mtundu.

Sasa siku ya shauri. Afisa amekaa mezani kwenye baraza ya boma, mkalimani kando yake, watu wamechuchumaa uani. Jina linaitwa. Kosa linaweza kuwa wizi, linaweza kuwa uvivu, linaweza kuwa kumjibu bwana vibaya. Hukumu inatoka kwa maneno machache. Mtu analazwa. Askari mmoja anashika mikono, mwingine anashika miguu, wa tatu anasimama upande na mjeledi wa ngozi ya kiboko, ambao ukikauka ni mgumu kama ubao na ukipakwa mafuta hujikunja. Kuna anayehesabu kwa sauti. Mpigaji hana hasira na mtu huyu. Labda hamjui, labda ni wa kijiji cha mama yake. Anatakiwa asipige polepole, kwa maana bwana anatazama, na wenzake wanatazama pia. Ikifika ishirini na tano anapumua, anafuta jasho, na jina jingine linaitwa. Katika mwaka wa 1912 hadi 1913 daftari za koloni nzima ziliandika adhabu zaidi ya 8,000 za namna hiyo, na hizo ni zile zilizoandikwa. Ngumi na fimbo za njiani hazikuwa na daftari.

Nilimuuliza bibi kama mama yake aliwahi kumwambia ombasha alikuwaje jioni ya siku kama hizo. Akasema ndiyo. Alikuwa akioga, akila vizuri, kisha akiomba mkewe amkande bega kwa mafuta ya nyonyo.

Bega hilo limenikaa kichwani miaka mingi. Ndilo lililonifanya nisome kwa makini habari za polisi wengine, wa nchi nyingine na wakati mwingine, ambao kwa mtazamo wa kwanza hawatuhusu.

Hamburg haiko mbali na Tabora kama ramani inavyoonyesha. Nyumba za biashara za mji huo, O'Swald na Hansing, zilikuwa na maghala Unguja tangu katikati ya karne ya 19, zikinunua pembe ambazo nyingi zilipita hapa, mbele ya tembe za Kwihara, kwenda kuwa funguo za piano na mipira ya biliadi. Kuanzia 1890 meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie ziling'oa nanga Hamburg kuja Dar es Salaam. Maafisa, bunduki, sare na daftari za boma, kwa sehemu kubwa, zilipakiwa kwenye gati zile. Na mwaka 1942 kutoka mji huohuo walitoka wanaume mia tano hivi wa Kikosi cha 101 cha polisi wa akiba, wakapelekwa Poland iliyokuwa imetekwa na Wanazi.

Christopher Browning aliandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1992, akitumia maelezo ambayo wengi wao waliyatoa mbele ya waendesha mashtaka wa Hamburg miaka ya 1960. Hawakuwa vijana waliolelewa na Hitler. Walikuwa watu wazima, wengi wakikaribia miaka arobaini: wafanyakazi wa bandari, madereva wa malori, watunza ghala, wahudumu wa mikahawa, makarani. Wengi walikuwa na wake na watoto. Waliitwa polisi kwa sababu umri wao uliwafanya wasifae sana kwa jeshi la mstari wa mbele.

Alfajiri ya tarehe 13 Julai 1942 walifikishwa kwenye kijiji cha Józefów, kilichokuwa na Wayahudi 1,800 hivi. Kamanda wao, Meja Wilhelm Trapp, mzee wa polisi ambaye askari wake walimpenda, alisimama mbele yao akilia. Aliwaambia kazi waliyopewa: wanaume wenye nguvu watengwe kwa ajili ya kambi za kazi, na wengine wote, wanawake, wazee na watoto, wapigwe risasi siku hiyohiyo. Kisha akasema neno ambalo katika historia ya mauaji yale ni nadra sana. Kati ya wenye umri mkubwa zaidi kikosini, asiyejiona kuwa ataweza kazi hii na ajitokeze. Atapewa kazi nyingine.

Walijitokeza kama kumi au kumi na mbili. Kati ya waliobaki, wapigaji risasi waliingia msituni, kila mmoja na mtu wake, na kufikia usiku watu 1,500 hivi walikuwa wamekufa. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza tu. Kikosi kile kiliendelea zaidi ya mwaka mmoja, na Browning anahesabu kwamba kilishiriki katika vifo vya Wayahudi wasiopungua 83,000, kwa kuwapiga risasi au kuwapakia kwenye treni za kwenda Treblinka. Na katika kesi zote zilizofuata vita, hakupatikana hata polisi mmoja wa Kijerumani aliyethibitika kuuawa kwa sababu alikataa kuua raia wasio na silaha.

Mimi sikushtushwa sana na idadi ya waliopiga risasi. Mwalimu wa historia huzoea kukutana na mambo hayo. Nilishtushwa na maneno ya wale waliokataa, au waliopiga mmoja au wawili kisha wakaomba kuondolewa. Walipoulizwa baada ya vita, wachache sana walisema kazi ile ilikuwa uovu. Wengi walisema wao walikuwa dhaifu. Hawakuweza. Tumbo lilikataa. Na wenzao wakati ule waliwaita waoga na wanyonge, kwa sababu mtu anayetoka mstarini huwaachia wenziwe sehemu yake ya kazi chafu. Kwa hiyo hata aliyetoka alikubali hukumu ya waliobaki: kwamba ushujaa ni wao, na kasoro ni yake.

Simfananishi babu yangu na watu hao kwa mizani moja. Polisi wa Hamburg walitumwa kumaliza taifa zima la watu. Ombasha wa Tabora alitumwa kuwatiisha watu wa kodi na barabara. Wao walikuwa raia wa dola iliyotawala, na yeye alikuwa mtawaliwa ambaye angeweza kulazwa palepale uani akachapwa na askari mwenzake kwa kosa la bunduki chafu. Lakini pia sitaki kumfichia. Kampuni za askari hawahawa ndizo zilizopelekwa kusini mwaka 1905 kuzima Maji Maji, zikachoma maghala ya chakula na mashamba mpaka njaa ikamaliza kile risasi ilichoacha. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa kwetu wamefika mpaka laki mbili na nusu na kuzidi. Wengi wa waliowasha moto huo hawakuwa wakatili kwa asili. Walikuwa watu wa rupia 20, waliokuwa na wenzao kulia na kushoto, na bwana aliyesimama nyuma akitazama.

Wajerumani waliwapenda askari wao kwa sifa moja, nayo ni uaminifu. Baada ya kupokonywa makoloni, sifa hiyo waliigeuza kuwa hoja: tazameni, watu weusi walitupigania mpaka mwisho, basi turudishiwe nchi. Wanazi waliichukua hoja hiyo wakaipamba. Mwishoni mwa miaka ya 1930, katika kambi ya jeshi ya Jenfeld huko Hamburg, kambi iliyopewa jina la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi lao huku katika Vita Kuu ya Kwanza, zilisimamishwa sanamu kubwa za udongo wa kuchoma: askari wetu wakitembea nyuma ya Mjerumani mmoja, na wapagazi wakiwa na mizigo. Mchongaji wake, Walter von Ruckteschell, alikuwa afisa wa Lettow huku. Zipo hadi leo. Jaribu kuupanga wakati huo mahali pamoja: mji uliowasimamishia askari wa Kiafrika sanamu za uaminifu ndio mji uliokuwa ukikusanya madereva wake na makarani wake kuwafanya polisi wa Kikosi cha 101.

Na askari mwenyewe, wa damu na nyama, alipotokea Ujerumani walimfanya nini? Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kisudani. Akiwa mtoto alijiunga na vita pamoja na baba yake, akajeruhiwa Mahiwa mwaka 1917. Mwaka 1929 alifika Berlin, ambako alijulikana kama Bayume Mohamed Husen, akadai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Akajibiwa kwamba amechelewa. Akaomba nishani ya wapiganaji, akanyimwa. Alifanya kazi ya mhudumu wa mkahawa, akacheza sehemu ndogo katika filamu za kikoloni, na akawafundisha Kiswahili watu mbalimbali, wakiwemo maofisa na watu wa usalama waliokuwa wakiandaliwa kurudi kututawala. Mwaka 1941 Gestapo walimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944. Walinzi wa kambi ile nao walikuwa na wake, na jioni walikula.

Sasa nirudi kwetu, maana kuna mtu nilikuwa namfikia.

Ombasha alikuwa na mdogo wake, ambaye bibi alimwita baba mdogo mpaka anafariki. Vita ilipoanza Agosti 1914 polisi wote waliingizwa jeshini, na huyu mdogo naye akaandikishwa, wakawekwa kikosi kimoja. Mwaka 1916 serikali ya Wajerumani ilikuwa imehamia Tabora. Karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha kupiga sarafu, za shaba na zile za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo ambazo watoza sarafu wa dunia wanazigombania hadi leo. Lakini askari hakuiona dhahabu. Kwa masimulizi ya nyumbani kwetu, walikuwa wakilipwa noti za karatasi ambazo wenye maduka walizipindua pindua wakazirudisha. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, yalikuja kutoka upande wa Kigoma na upande wa Ziwa Viktoria. Yalipigana Lulanguru, yakapigana Itaga, na tarehe 19 Septemba 1916 yakaingia mjini. Jenerali Wahle wa Wajerumani alikuwa ameshaondoka na askari wake kuelekea Iringa.

Usiku wa kuondoka, mkubwa alifunga mizigo. Mdogo aliiegemeza bunduki ya serikali kwenye mwembe, akaenda zake kijijini Puge kwa miguu.

Hakuwa peke yake. Wengi wa askari wa huku waliona hawana haja ya kuiacha nchi yao iliyo chini ya miguu yao wakafuate vita ya mtu mwingine kwenye milima ya Wahehe. Kwa hesabu za Wajerumani wenyewe, askari zaidi ya 2,800 walitoroka katika vita nzima, mbali na maelfu walioandikwa kuwa wamepotea tu. Watu hawa hawamo kwenye sanamu za Jenfeld. Hawamo kwenye nyimbo zetu pia. Isike ana wimbo, mtemi mwenzake Mirambo ana wimbo, na hata askari wa Lettow wana sifa zao za kuvuka Ruvuma na kurudi bila kushindwa. Aliyeweka bunduki chini akaenda kulima hana kitu.

Katika ukoo wetu ana kitu, lakini ni tusi. Mtoto akikimbia ugomvi wa shuleni, huambiwa amemrithi yule wa Puge. Kijana akiacha kazi ngumu mjini akarudi kijijini, ni wa Puge huyo. Nimelisikia neno hilo tangu utoto, likisemwa na watu wema, kwa kicheko, na wengine walikuwa wajukuu zake mwenyewe.

Nilipomaliza kitabu cha Browning nilimkumbuka. Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, lakini niliyoyauliza zamani nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari. Nilimuuliza kama baba mdogo aliona ubaya wa kazi ile. Bibi alitikisa kichwa. "Mjukuu wangu, alichoka. Alisema amechoka kufunga watu na kufungua watu. Basi." Sitamwongezea lolote. Hakutoa hotuba chini ya mwembe. Alikuwa na mke mjamzito, mshahara wa karatasi, na uchovu. Lakini wale kumi au kumi na mbili wa Józefów nao hawakutoa hotuba, na bado maisha yao yamesimama kuwa ushahidi dhidi ya mia tano, kwamba mlango ulikuwepo. Kaka yake alipita mbele ya mlango huohuo usiku huohuo, akaona mdogo wake anatoka, akabaki.

Ombasha alikwenda na Wahle hadi Iringa, akavuka Ruvuma na Lettow mwaka 1917, akarudi naye, na tarehe 25 Novemba 1918 alikuwa miongoni mwa askari elfu moja na mia kadhaa walioweka silaha chini huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia. Waingereza waliwaleta askari hao Tabora na kuwaweka kizuizini. Homa ya mafua ya mwaka ule iliwapukutisha kambini. Yeye alipona. Aliachiwa mwaka 1919, akiwa hana nyumba wala bangili za mkewe, akaenda Puge, na mdogo wake akampa shamba la karanga na mahali pa kulala. Alikaa misimu miwili. Waingereza walipoanza kuandikisha polisi wao alirudi mjini kuvaa sare tena, akamtumia mdogo wake salamu aje, kwamba bwana mpya anawataka watu wenye uzoefu. Mdogo alijibu kwamba ameshatundika mizinga ya nyuki na hana wa kumwachia.

Ukoo wetu sasa unaandika kitabu cha shina lake, na vijana wamenipa kazi ya kuandika kurasa za wazee. Ombasha nimemwandikia kila kitu, pamoja na kiboko na pamoja na bega. Ubishi uko kwenye kurasa za mdogo wake. Nimeandika kwamba alitoroka jeshi la Wajerumani Septemba 1916 na akaukataa upolisi wa Waingereza baadaye, na nimependekeza shule ya msingi tunayochangia kujenga huko kijijini iitwe kwa jina lake. Binamu zangu kadhaa hawataki. Wanasema huwezi kuipa shule jina la mtu aliyekimbia, na kwamba ombasha alikuwa na cheo, alisafiri, alijulikana. Mkutano wa ukoo ujao ni baada ya mauzo ya tumbaku, nami nitakwenda na ombi lilelile na daftari la bibi mkononi.